Bitana ya Gwanda la Kamanda

“Huu si mshono wangu,” Verlene alisema. “Na msiniambie macho yangu yamezeeka. Nani kalifumua gwanda?”

Gwanda la Kamanda lilikuwa limegeuzwa nje-ndani juu ya kitanda, bitana yake ya zambarau ikimeremeta chini ya taa. Chumba chao cha melini hakikuwa na dirisha. Wanawake watatu, vitanda vitatu, mabegi sita, na sasa ugomvi.

“Umeanza tena,” Midge alisema. Alikuwa mbele ya kioo akijibandika nyusi za fedha. “Juzi ilikuwa fomu. Jana ilikuwa mlango. Leo bitana. Kesho utasema nahodha anatupeleka Kuba kwa siri.”

“Nimeuliza swali.”

“Na umejibiwa. Hakuna aliyeligusa. Tuko likizo, mwenzangu. Hebu pumua.”

Verlene hakupumua. Alipitisha ukucha wake juu ya mshono, kutoka kolani hadi kwapani, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Mishono yake yeye hulala sawasawa kama punje za mchele, na huinamia kulia. Hii iliinamia kushoto. Hapa mirefu, pale mifupi, na uzi ulikuwa umevutwa kwa nguvu hadi bitana ikakunjamana. Aliyeishona alikuwa na haraka, au hofu, na alishika sindano kwa mkono wa kushoto.

Chumbani mle wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja. Roz aliketi ukingoni mwa kitanda chake, amevaa suruali ya Kamanda na fulana ya kulalia, akiitazama plasta iliyokuwa kidoleni mwake.

“Kidole hicho kimekatwa na nini, Roz?”

“Kisu. Nilikuwa nakata limau.”

“Limau gani? Humu melini hata chungwa unaletewa limemenywa.”

Roz alimtazama Midge.

Jicho lile lilimtosha Verlene. Alikuwa amelea watoto watatu. Anayetafuta la kusema huangalia juu. Anayetafuta ruhusa humwangalia mwenzake.

Kwa miaka kumi na tisa Verlene Haskett alikuwa ameshona nyuma ya duka la dobi mjini Dayton, Ohio, kwenye chumba chenye cherehani mbili na mvuke wa pasi usiokwisha. Suruali zilimfikia zikiwa zimebanwa vikaratasi vya njano: punguza, ongeza, badili zipu. Namba, hakuna jina. Zilirudi mbele zikiwa na namba ileile, na wateja walimsifu binti wa kaunta. Verlene aliwasikia kupitia ukuta. “Mna mikono ya ajabu!” Binti alisema asante.

Ndiyo maana aliagiza lebo. Vipande vidogo vya utepe mweupe, jina lake lote limefumwa kwa uzi mwekundu. Hakuwahi kuzitia kwenye nguo ya mteja hata moja. Alizitia kwenye mavazi ya wapenzi wa Doria ya Tisa tu, ile tamthilia ya televisheni ya walinzi wa anga, iliyokoma kabla mwanawe wa mwisho hajaanza shule. Midge na Roz alikutana nao kwenye foleni ya kusainiwa picha huko Columbus. Tangu hapo walisafiri pamoja kila Februari kwenye meli ya mashabiki, toka Florida, siku tano: Roz akiwa Kamanda, Midge tabibu, Verlene fundi wa injini. Yeye alikata, akashona, akapiga pasi. Wao walivaa, wakapendeza.

Safari hii ilinuka tangu mwanzo. Siku ya kwanza Midge alizikusanya fomu za shindano la mavazi. “Nitajaza mimi, nyie kaoteni jua.” Midge, ambaye hata kadi ya Krismasi humpa mumewe aandike. Jana Verlene alirudi mapema kutoka kwenye kifungua kinywa, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Walichelewa kufungua. Kisha Roz alikuwa amekaa na blanketi mapajani, katika joto lile, mikono chini yake. Na mezani kila alipokaribia, habari zilibadilika zikawa za hali ya hewa.

Sasa aliinua kola ya gwanda, akatazama mahali pa lebo. Palikuwa na matundu manne ya sindano.

“Lebo yangu iko wapi?”

Nje kwenye ujia mtu alipita akiimba, vyuma vya vazi lake vikigongana.

“Nimeelewa,” Verlene alisema. “Ni yule mwanamke wa Tampa. Yule anayeuza ramani za kukatia mavazi mtandaoni, aliyekukumbatia juzi kwenye lifti, Midge, kama mmezaliwa tumbo moja. Mmemfumulia gwanda apime vipande vyake. Miezi saba nimelikata lile bega mpaka likakaa. Miezi saba!”

“Mungu wangu, Verlene, unajisikiliza?”

“Nakusikia wewe ukiwa hujibu.”

“Yule mwanamke tulikuwa kikundi kimoja cha kupunguza uzito!”

“Na lebo nayo imepungua?”

“Ni mimi,” Roz alisema.

Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba wote wawili walimgeukia kana kwamba alikuwa ameangusha glasi.

“Nyamaza, Roz,” Midge alisema.

“Sinyamazi.” Roz alisimama, akakaa tena. Nyumbani ni karani wa daktari wa meno na huimba kwaya kwa Wamethodisti. Hata simu ya mtu anayeuza bima hawezi kuikata bila kuomba radhi. “Nilifumua mimi, nikashona mimi. Jana na juzi. Nilijichoma mara tisa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ya kiapo.”

Verlene alikijua kiapo. Kila shabiki alikijua. Unasimama mbele ya majaji, unaweka vidole viwili begani kama walinzi wa Doria, unasema: nimelishona vazi hili kwa mikono yangu. Halafu majaji wanaligeuza nje-ndani na kuuliza maswali.

“Kiapo ni changu,” alisema. “Wewe wa kuapa nini?”

Hapo Midge aliweka chini nyusi moja iliyobaki. Alikuwa mwanamke mkubwa, aliyekuwa akipanga ratiba za mabasi ya shule kwa miaka thelathini, na alizoea kuwaambia watu mambo wasiyoyapenda.

“Sawa. Kaa chini. Hukai? Basi simama. Sheria ni kwamba anayelipwa kwa kushona anaingia daraja la mafundi wakuu. Wewe unalipwa. Kwa hiyo kila mwaka tunawekwa kundi moja na wale watu wenye mabawa yanayofunguka na kofia zinazowaka taa, na kila mwaka tunakuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Lakini daraja la wanaoanza, Verlene! Umewaona wanaoanza? Wamebandika vifungo kwa gundi! Tungewafagia.”

“Kwa hiyo umeandika nini?”

“Nimeandika Roz ndiye aliyeshona.”

“Na mimi?”

Midge alijikuna shingo. “Kulikuwa na mstari wa wasaidizi.”

“Umeniandika msaidizi wa nini?”

“Wa pasi.”

Verlene alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kisicho na furaha. “Pasi. Wakati pasi zimekatazwa vyumbani. Wakati jana nimenyoosha mikono ya gwanda hili kwa chuma cha kunyooshea nywele, nusura niunguze kidole!”

“Ni karatasi tu!”

“Na lebo?”

Midge alifungua pochi yake ya vipodozi, akatoa kile kipande cha utepe, akakiweka kitandani. Kilikuwa na alama ya rangi ya mdomo.

“Walitangaza hii ni safari ya mwisho,” alisema, sasa bila kelele. “Hawataikodi meli tena. Nilitaka tupande jukwaa kuu mara moja tu, sote watatu, kabla magoti yangu hayajaisha. Ni dhambi? Na tuseme kweli, mwenzangu. Kupunguza suruali za watu si ushonaji wa kushindania. Kama ungekuwa fundi mkuu kweli, tungekuwa tumeshashinda.”

Neno likishatoka halirudi. Roz alifumba macho.

Verlene aliuchukua utepe, akaufuta kwa kidole gumba. Hasira yake haikuwa na moto tena. Ilikuwa imepoa ikawa ngumu, na ndani yake akili ilifanya kazi haraka. Alimtazama Roz.

“Wewe ulifumua ili usiape uongo.”

“Nilimwambia Midge siwezi kusema nimeshona kitu ambacho sijashona. Nikasema nikishona walau bitana...” Roz aliinua mikono. “Niliona itakuwa kweli kidogo.”

“Au majaji wakiuliza bitana imeshikizwaje, uwe na jibu.”

“Hilo pia,” Roz alisema, na mashavu yakamwiva.

Verlene alimwangalia kwa muda. Pengine dhamiri ndiyo iliyomsukuma. Pengine alikuwa anajifunza uongo wake vizuri, kama mwanafunzi mwema. Kwa nje, mshono ni uleule. Hakuna jaji wa kuutofautisha. Alijiuliza ni mambo mangapi mengine ya miaka hii yote, pongezi, kukumbatiana, kadi za siku ya kuzaliwa, yalikuwa na bitana ambayo hakuwahi kuigeuza.

“Umevuta uzi sana,” alimwambia. “Bitana lazima iachwe ipumue. Mkono ukiinuka, itapasuka.”

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. Meza ya kurekebisha fomu ingefungwa saa nane kamili.

Alilikunja gwanda, akalitia mkononi. Akachukua kikebe chake cha sindano.

“Unakwenda wapi?” Midge alijisogeza mlangoni. Kwa upana wake, hiyo ilikuwa sawa na kufunga mlango.

“Kuandika jina.”

“Tutakuwa wa mwisho.”

“Basi tutakuwa wa mwisho.”

“Utamwaibisha Roz mbele ya watu wote.”

“Roz hajaapa bado. Aibu yake iko humu chumbani, na sisi watatu ndio tunaoijua. Nipishe, Midge.”

“Ukitoka na gwanda hilo usitafute kiti mezani kwetu leo.”

Verlene alisubiri. Alikuwa na desturi hii na watoto wake: ukishasema unachotaka, husemi tena. Unasimama. Roz alibaki ameketi, akiitazama plasta yake. Mwishowe Midge alisogea, nusu hatua tu, na Verlene akapita akiwa amelibana gwanda kifuani ili lisikwaruze kitasa.

Ukumbi wa usajili ulikuwa sitaha ya tano. Mezani alikaa mwanamume aliyepakwa rangi ya kijani hadi masikioni, miwani ya kusomea puani, beji yake ikisema anaitwa Thaddeus.

“Naja kurekebisha fomu,” Verlene alisema. “Gwanda la Kamanda. Limeandikwa kwa Rosalind Tuttle, daraja la wanaoanza. Limekosewa. Nimeshona mimi.”

Thaddeus alipekua makaratasi. “Wewe ni... ah. Wa pasi?”

“Wa yote. Isipokuwa bitana upande wa kushoto. Hiyo andika ameshona Roz Tuttle. Usisahau.”

Alimtazama juu ya miwani. “Unalipwa kwa kushona, mama?”

“Miaka kumi na tisa.”

“Basi ni mafundi wakuu. Ukishahama hurudi. Na mafundi wakuu tunawaita sasa hivi, huna hata nusu saa.”

“Andika.”

“Nani atalivaa? Naona limekatwa kwa mtu mwembamba.”

Swali hilo hakuwa amejiuliza. Aliliangalia gwanda, mabega yake yaliyokatwa kwa kipimo cha Roz, sentimita kwa sentimita.

“Akikosekana mtu,” alisema, “nitalishika mkononi.”

Thaddeus alikata jina kwa mstari mmoja, akageuza karatasi. Verlene aliandika lake lote, kwa herufi kubwa, na penye kazi akaandika: fundi nguo. Akapewa namba kumi na mbili, na akaelekezwa mlango wa pili.

Mafundi wakuu walikuwa wamepanga mstari kando ya ukuta, kimya kama watu wanaongoja daktari. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye mabawa ya manyoya meusi, kila bawa likimzidi urefu. Bawa moja lilikuwa limening'inia. Alikuwa analishika kwa mkono nyuma ya mgongo, jasho likimtiririka.

“Samahani, mama,” alinong'ona bila kugeuka kabisa. “Una sindano? Limechanika kwenye lifti. Mimi ndiye wa kumi na moja.”

Verlene alilitundika gwanda begani, akafungua kikebe. Alitia uzi tunduni mara ya kwanza bila kuulamba. Nyuma yake mlango wa ukumbi ulifunguka, na zikasikika hatua za buti za Doria, mbili au labda nne, zikiingia kisha zikisita. Hakugeuka. Alilikamata bawa penye mpasuko, akaunganisha kingo mbili kwa vidole.

“Tulia,” alimwambia. “Usinivutie uzi.”