Kalibu ya Tatu

Kalibu ya kwanza ya meno ilitoka na mapovu. Ya pili ilitoka na chai ya asubuhi ya mgonjwa. Sasa Daktari Phanice alikuwa anachota unga wa kutengenezea kalibu ya tatu, kijiko kikigonga bakuli ovyo.

Kwenye kiti alijilaza Mama Ciru, mwenye ploti nzima ya nyumba za kupanga hapo mtaani Kabiro, hadi chumba hicho cha kliniki. Jumamosi wakwe wangeleta ruracio, mahari ya binti yake Ciru, na mama alitaka meno ya kuchekea. Ya mbele yalibaki mawili, moja likicheza kama mlango wa choo cha ploti. Hilo likitoka, meno ya bandia hayana pa kushika.

"Mama, twende kliniki ya Nyayo Highrise," Phanice alikuwa akimbembeleza tangu Jumatatu. "Kuna mashine inapiga picha tu mdomoni. Hakuna unga, hakuna kutapika."

Siku alizofanya kazi huko na mashine hiyo, Phanice alirudi nyumbani akala akashiba. Siku za unga alilala na njaa kwa wasiwasi.

"Mimi niende upande wa Kibera kutafuta meno? Wapangaji wangu watasema nini? Nipimie hapa hapa. Ama hii nyumba imekushinda?"

Na nani humwambia landilodi hapana?

Nyuma ya pazia, foleni ya wagonjwa ilikuwa imetega masikio.

"Huyu daktari anaogopa kuliko mgonjwa!" akasema Ojwang, fundi wa viatu.

"We nyamaza, ukiingia atakung'oa ulimi," Amondi, aliyekaa kando yake, akamjibu. Kicheko kikapasuka.

Phanice akakinga maji ya tanki, yaliyoshinda juani, akakoroga unga. Alijua maji moto hugandisha unga upesi. Alijua sana, lakini akili ilikuwa kwenye kile kicheko. Akaujaza kwenye trei, akaisukuma juu ya meno, na kabla hajapumua unga ukashika kama simiti.

Mama Ciru akaanza kutapika hewa, macho yamemtoka.

"Kwa pua, mama! Pumua kwa pua!"

Mama akamkamata mkono, wakavuta pamoja.

Kalibu ilitoka safi, haina povu hata moja. Katikati yake lile jino lililokuwa likicheza lilisimama, na mzizi wake.

Mama Ciru akapapasa pengo kwa ulimi, akajifunika mdomo kwa leso.

"Jumamosi waambieni wakwe niko na homa," akasema. "Nitalala chumbani mpaka waende."

Mama alipotoka, Phanice alijaribu kuosha bakuli. Akaliacha. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, na hakuita mtu mwingine.