Kikapu Chenye Ulimi

Mimi Ayinpoka nasuka vikapu tangu nina meno ya utoto, na mdomo wangu haujui kupumzika. Kwa hiyo yaliyonikuta niliyataka mwenyewe.

Bayuo, kijana mbunifu kutoka mji wa Wa, alikuja hapa kijijini kwetu Nyariga kufanya kazi na sisi wasusi: yeye achore, sisi tusuke. Yeye Mdagaaba, sisi Wafrafra, watani tangu enzi za mababu, na utani wetu ni nani kati yetu mla mbwa zaidi. Siku ya kwanza nikampokea: "Karibu, mla kichwa cha mbwa!"

"Ahsante, mama. Nimekuja na changu, maana chenu najua mmeshakimaliza."

Nikampenda papo hapo.

Akatuachia mchoro wa kikapu chenye mfuniko, akaenda mjini Bolga kumpokea mama mmoja mwenye duka Accra. Mama huyo akikipenda kikapu, tutamuuzia yeye moja kwa moja. Asipokipenda, tunarudi kwa walanguzi wa sokoni wanaotunyonya. Nikautazama mchoro. Mfuniko una vitu viwili vimesimama juu, na kingine kirefu kinaning'inia mbele. Loo! Masikio na ulimi!

"Jamani, huyu mshenzi katuchorea mbwa!" nikawaambia wenzangu. "Anatutania. Ngojeni nimkomeshe."

Nikasuka masikio, nikaongeza macho na meno, na ulimi nikautia rangi nyekundu ya kutosha. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Bayuo aliporudi alikishika, wala hakucheka. "Mama, hivi ni vishikio. Na huu ni ukanda wa kufungia."

"Si ungesema!"

"Nilisema."

"Sasa Mdagaaba akisema, nani anaamini?"

Akakaa chini kama mtu aliyefiwa. "Mgeni yuko kwa chifu anasalimia. Anakuja sasa hivi."

"Nitukane basi, mwanangu."

"Nitakutukana nini? Wewe mtani wangu."

Hapo nikaona aibu kwelikweli. Nikachukua kisu, nikayatoa meno na macho. Ulimi ulikataa: ukiuvuta, mfuniko wote unafumuka. Bayuo akaupindisha huku na huku, akasema, "Utoboe hapa." Nikautoboa, nikasuka kifundo mbele ya kikapu, ulimi ukanasa juu yake barabara. Tukatazamana.

Mgeni akaingia. Akaufungua ulimi, akaufunga, akaufungua tena, akaanza kucheka peke yake. "Hiki nakitaka. Vingi! Na ulimi uwe mwekundu hivihivi. Kinaitwaje?"

Wasusi wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafuta machozi ya furaha nilipomwona Bayuo ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Kinaitwa Ayinpoka," akamwambia mgeni bila kupepesa macho. "Tazama huo ulimi, mama. Bila kuufunga, hautulii."

Wenzangu wakaanguka chini kwa kicheko. Mtani hakasirikiwi, nami ningefanya nini? Siku hizi mpaka Accra watu wanaingia dukani wanasema, "Nipe Ayinpoka, yule mwenye ulimi mrefu."

Mla mbwa yule! Nikimpata!