Bei ya Kulala Kisiwani

Kisiwa hicho hakipo kwenye ramani yoyote. Miezi tisa ya mwaka, Mwinukoni ni senta ya kawaida tu njiani kutoka Mofu kwenda Ifakara: maduka sita, mashine ya kukoboa mpunga, na gesti moja, ya Beno. Masika yakikolea, mto unaacha njia yake, maji yanapita mbele na nyuma, na watu waliokuwa safarini wanajikuta wako kisiwani bila hata kuiona bahari.

Mwalimu Stefania alijikuta humo saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa. Bodaboda aliyemtoa Mofu alimshusha, akageuza haraka, na baada ya muda mfupi hata njia aliyorudia ikafunikwa. Kesho yake saa nne asubuhi, Ifakara mjini, binti yake Leticia alikuwa anaweka nadhiri za daima za utawa. Siku hiyo mzazi ndiye anayemshika binti mkono na kumfikisha mbele ya altare. Baba yake Leticia alishafariki, kwa hiyo mkono uliobaki ulikuwa wa Stefania peke yake.

Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Mtumbwi wa Dionisi ungevusha watu alfajiri, na gesti ni ya Beno, na Beno alikuwa mtoto wake wa dini. Alimfundisha amri kumi Beno akiwa bado na pengo mdomoni, benchi la mbele kabisa. Siku ya kipaimara alimshonea shati jeupe, kwa sababu kwao hakukuwa na la kuvaa.

"Shikamoo, mwalimu!" Beno alimpokea mkoba.

"Marahaba, baba. Nipe chumba cha kawaida, hata kama choo ni cha nje. Nalala usiku mmoja tu."

"Hakuna neno. Jaza kitabu kwanza."

Kitabu cha wageni kilitaka mambo mengi: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sababu ya safari. Stefania akajaza yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, hakuacha hata nukta. Kwenye sababu ya safari akaandika: nadhiri za binti yangu, kesho saa nne. Beno akakigeuza kitabu, akasoma taratibu, midomo ikimcheza. Kisha akaenda mlangoni kwenye kibao kilichoandikwa kwa chaki "Chumba 8,000", akafuta kwa kiganja, akaandika 45,000.

"Beno, umefuta nini hapo?"

"Bei, mwalimu. Maji yakija, bei inapanda."

"Maji yamekuja tangu mchana. Kibao kimebadilika nilipomaliza kuandika jina langu."

"Mwalimu, mimi nimefanya kazi hotelini Nungwi miaka mitatu. Kisiwani kila kitu ni ghali, biashara ndivyo ilivyo, na hapo nimekuhurumia." Akashusha sauti kana kwamba anampa siri. "Halafu mtumbwi wa kwanza ni wa wenye vyumba. Nimeshamalizana na Dionisi. Anabeba abiria kumi. Wengine watavuka safari ya pili, saa sita mchana."

Saa sita mchana! Saa hiyo Leticia angekuwa ameshatembea peke yake, au ameshikwa mkono na mtu baki.

Pesa alikuwa nayo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Jumuiya ya Mofu ilikuwa imechanga elfu hamsini za zawadi ya sista, na fundo lilikuwa kwenye pindo la kanga yake. Bibi mmoja aliuza jogoo wake wa pekee ili naye atajwe. Stefania alilishika lile fundo, akamtazama Beno, akaona bora alale na vyura.

"Kanga yangu haifunguliwi hapa," alisema. "Na lile shati nilikushonea bure."

Beno akaangalia simu yake kama mtu aliyepigiwa.

Stefania alichukua mkoba wake, akatoka. Mtu akikulangua kwa kuwa hakujui, unaumia na unasahau. Huyu alimpandishia kwa sababu anamjua, alisoma shida yake kwa mwandiko wake mwenyewe, ndipo akatafuta chaki. Lo! Hata mwizi huwa anasubiri ulale.

Alitembea mpaka kisiwa kilipoishia, kwenye shamba la mpunga lililokuwa linaanza kukomaa. Kando ya maji, palepale mitumbwi inapopita, lilisimama dungu, kibanda cha nyasi juu ya miti mirefu, na chini yake mwanamke wa Kisukuma alikuwa anachochea moto wa kufukuza mbu. Jina lake Nyamizi. Alimwamkia Stefania kwa kupiga goti, akasikiliza habari yote, akaguna.

"Kulala ni bure, mama. Ila alfajiri unisaidie kuamia ndege wasile mpunga. Mume wangu Shilinde amekwama ng'ambo na ng'ombe, na kwelea kwelea wameshanilia robo ya shamba. Anayelala hapa anaamia mpaka jua likaushe umande. Bei yangu ni hiyo."

Kwenye mikutano ya kijiji Mofu, Stefania alishanyoosha mkono mara mbili kutaka Wasukuma, watu wa ng'ombe, waondoke bondeni. Sasa alikuwa anakaribishwa na mmoja wao, na aliona aibu. Tena alfajiri ndiyo saa ya mtumbwi. Lakini mtumbwi ungepita hapo hapo chini ya dungu, na Dionisi alikuwa na masikio. Angemwomba.

"Nitaamia," alisema.

"Wabeja," Nyamizi alishukuru kwa lugha ya kwao, akamtandikia ngozi ya ng'ombe juu.

Usiku mbu walimla, na hasira ikamla zaidi. Mara mbili alijiuliza kama kiburi chake hakijamkosesha mwanawe mkono wa mama.

Kulipopambazuka ndege walishuka kama pumba zinazomwagwa. Nyamizi akamkabidhi kamba iliyofungwa makopo, yeye akaingia shambani na kombeo. Na kuamia kuna ruhusa yake, bonde zima linaijua: aliye juu ya dungu anasema lolote, kwa sauti yoyote, maana anasema na ndege. Hakuna wa kumshitaki.

"Hoo! Hoo!" Stefania alianza kwa adabu. Kisha akaona watu wamejipanga kwenye mtumbwi wa Dionisi, na Beno mbele yao na kapu, anakwenda mjini kununua mikate ya kuwalangua waliobaki. Adabu ikaisha.

"Tokeni, nyie ndege! Niliwafundisha amri kumi, benchi la mbele! Usiibe mliisoma na nani? Nikawashonea shati jeupe! Leo mmekuwa wakubwa, mnasoma kitabu cha wageni mjue nani ana shida, ndipo mnafuta chaki!"

Makopo yakalia. Kule kwenye foleni kicheko kikapasuka.

"Ndege gani hao, mwalimu?" mama mmoja akaita.

"Ndege wa Nungwi! Walikwenda kisiwani wakarudi na bei!"

Mtumbwi ulikuja umejaa, unacheka wote isipokuwa mtu mmoja. Chini ya dungu Dionisi akashika nguzo, ukasimama.

"Dionisi, nina binti ananingoja," Stefania alisema. Sauti ilikuwa imeshakwaruza.

"Nafasi hakuna," Beno akawahi. "Tulikubaliana wenye vyumba kwanza."

"Ndiyo, bosi," Dionisi akajibu polepole. "Wewe chumba chako umelipia?"

"Mimi ndiye mwenye gesti!"

"Basi wewe na mwalimu wote hamna chumba. Mwenye haraka ni nani? Kitabu chako kinasemaje?"

Watu tisa wakamtazama Beno. Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasimama, mtumbwi ukayumba, akashuka na kapu lake, maji mpaka kwenye mapaja.

Stefania alishuka ngazi, kisha akasita, kamba ingali mkononi. Umande ulikuwa haujakauka, na ahadi ni ahadi. Nyamizi alitokea shambani, akamnyang'anya kamba, akamtupia Beno.

"Panda juu, kaka. Zamu ya mama imebaki nusu."

Beno alitazama huku na huku. Kuvuka asingeweza, na senta nzima ilikuwa inaangalia. Akapanda.

Mtumbwi ulipoanza kuondoka na Stefania, sauti ndogo ilisikika kutoka juu: "Hoo... hoo..." Ndege hawakusogea.

"Mama!" Nyamizi aliita. "Na huyu nimtoze ngapi?"

Stefania alijikusanya, akatoa sauti yote iliyobaki.

"Bei ile ile uliyonitoza mimi! Usimpandishie!"