Zoezi la Kumwokoa Mashimba

Meli ya mizigo ya ziwani, Soko Huria, ilikuwa ikiitwa Ujamaa kabla shirika la umma halijaiuza. Mmiliki mpya aliipaka rangi ya buluu, akapunguza nusu ya mabaharia, kisha akamleta meneja kijana, Mutayoba, mtoto wa Kagera aliyesomea uongozi ng'ambo. Waliobakizwa kazini walimshukuru Mungu na kujifunza kukubali kila kitu.

Mashimba alikuwa mmojawapo. Kazi yake ilikuwa kutia mitambo mafuta kule chini kwenye chumba cha injini, ambako feni ilikufa zamani na watu walizungumza kwa vidole kwa sababu ya kelele. Masikioni alijaza pamba iliyochomolewa kwenye godoro. Mikono yake ilikuwa na makovu ya bomba la moshi. Alipoomba glavu aliambiwa zipo, lakini ni za wageni.

Na wageni walikuwa wanakuja. Kampuni moja ya bima ya Dar es Salaam ilitaka kuona jinsi mabaharia wanavyolindwa kazini kabla ya kukubali kuikatia meli bima. Mutayoba akatangaza Wiki ya Usalama. Mabango yakabandikwa mpaka chooni. Jaketi mpya za kuokolea maisha zikapangwa juu ya meli zikiwa bado ndani ya nailoni, na Nahodha Maige akaamriwa asimruhusu mtu kuzigusa, zisije zikachafuka. Maboya nayo yalifungwa kwa mnyororo na kufuli, maana moja lilishaonekana sokoni Igoma, mama muuza viazi amelikalia.

Asubuhi ya ukaguzi Mutayoba alimwita Mashimba.

"Leo utazama," alimwambia.

Mashimba alidhani ni masikio yake. "Nizame, bosi?"

"Ni zoezi tu. Utaanguka majini, utaomba msaada, sisi tutakuokoa. Wageni waone."

"Mimi sijui kuogelea. Kwetu Maswa tulikuwa na ng'ombe, hatukuwa na ziwa."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Mtu anayejua kuogelea hawezi kuzama vizuri."

"Basi nivae jaketi."

Mutayoba alimtazama kwa upole, kama mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito. "Ukivaa jaketi utaelea, Mashimba. Sasa mtu anayeelea tumwokoe kwenye nini?"

Mashimba aliwafikiria wenzake waliopunguzwa, ambao siku hizi walikuwa wakiuza mitumba Mabatini. Akavua nguo zake za mafuta. Wakamvika ovaroli mpya, kofia ngumu na buti zenye chuma vidoleni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alikuwa amevaa kama sheria inavyotaka.

Wageni waliketi gatini chini ya turubai. Mutayoba alihutubia kuhusu thamani ya uhai wa mfanyakazi, kisha akapunga leso. Mashimba alisimama ukingoni akiyatazama magugu maji. Miguu ilikataa. Nahodha Maige akamgusa mgongoni, kidogo tu.

Buti zilimpeleka chini moja kwa moja. Alipoibuka alisema, "Nisaidieni," kama alivyofundishwa. Alipoibuka tena alikuwa amesahau mafunzo yote na Kiswahili chenyewe, akawa anamwita mama yake, "Mayu, mayu." Wageni wakapiga makofi.

Nahodha alikimbilia boya, akakuta kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa Immaculata wa stoo, na Immaculata alikuwa ametumwa Mirongo kufuata soda za wageni. Nahodha akarukia jaketi. Mutayoba akamshika mkono.

"Hizo bado hazijakaguliwa," alinong'ona.

"Lakini mtu anakufa, bwana meneja."

Walikuwa bado wanavutana pale mvuvi mmoja, Masalu, alipotokea katikati ya magugu na mtumbwi wake wenye sato. Alimnasa Mashimba kwenye kola, akamburuta mpaka ndani, akamlaza juu ya samaki.

Mgeni rasmi alisimama. "Hongereni. Hata mtumbwi wa dharura mmeuweka tayari."

Mutayoba alikohoa. "Tunajitahidi, mheshimiwa."

Bima ilikubaliwa siku hiyohiyo. Mashimba, bado anatapika maji, alipewa mkono na fulana iliyoandikwa Usalama Kwanza.

"Umezama vizuri sana," Mutayoba alimwambia. "Mwakani zoezi hili tutalipeleka ngazi ya mkoa."

"Mwakani, bosi," Mashimba alijibu, meno yakigongana, "nitakuwa nimekufa au nitakuwa nimejua kuogelea."

Jumapili alimtafuta Masalu ufukweni Igombe, akamwomba amfundishe. Jumapili iliyofuata alikuja na wenzake wawili. Baadaye akaja Nahodha Maige, mtu aliyezeeka ziwani bila kuwahi kuogelea, na akaomba wasimtangaze. Walikunywa maji, walichekana, wakaanza kuelea.

Habari zikamfikia Mutayoba. Tangazo likabandikwa: kuogelea ni hatari kwa afya, kuna kichocho na mamba, hivyo kwa usalama wake, baharia yeyote atakayekutwa majini ataachishwa kazi. Mabaharia walilisoma wote, wakaitikia vizuri, na Jumapili wakaenda tena.

Ndipo siku moja walipomwona Mutayoba akishuka ufukweni na viatu vyake vya kung'aa. Nahodha alizama mpaka puani akijificha. Mashimba alibaki amesimama, maji kifuani, akingoja kufukuzwa. Alishangaa kuona hakuwa na woga kama ule wa siku ya zoezi.

Mutayoba alitazama ziwa muda mrefu. Akavua viatu, akakunja suruali.

"Wiki ijayo nasafiri na meli hii kwenda Bukoba," alisema bila kumtazama mtu. "Kwetu Kamachumu ni migomba tu."

Hakuna aliyecheka. Mashimba alimwacha asimame hapo kidogo, zaidi ya ilivyolazimu. Kisha akanyoosha mkono.

"Njoo taratibu, bosi. Na soksi uvue."