Ngazi Ishirini na Sita

Fundi cherehani alikuwa chini ya ngazi za halmashauri siku walipoita namba yake. Ngazi ishirini na sita za saruji, hazina hata chuma cha kushikilia. Juu ukumbini wenzake walikuwa wanagawiwa meza za soko jipya, na sharti lilikuwa moja: uwepo mwenyewe, uitike. Alisikia "namba saba" mara tatu. Akaitika kwa sauti iliyowageuza wauza nguo wa ng'ambo ya barabara, lakini huko juu wakaandika kwamba hayupo. Hayupo! Mtu yuko pale na kiti chake cha magurudumu, jasho linamtiririka, eti hayupo.

Kaka yake akasema mara ijayo atambeba mgongoni. Alikataa katakata. Aliwahi kubebwa mwaka mmoja, waheshimiwa wakampigia makofi kama mtoto aliyeanza kutembea, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake na ngazi zikabaki zilezile. Alichotaka ni kuingia kama watu wengine na kupata meza. Cherehani ilikuwa imelala sebuleni, na sebuleni hapapiti mteja.

Basi akamwendea fundi viatu, mtu wa magongo mawili na mdomo usiolala. Hao wawili wakawakusanya wengine: mama wa mapacha, mzee wa pumu, wajane wenye miguu ya kuvimba, hadi wakafika thelathini. Diwani mmoja akawabandika jina la Kamati ya Kero, akidhani anawakomesha. Wakalipenda, wakaliandika juu ya barua zao. Na ombi lenyewe lilikuwa dogo: vikao vishuke chini, kwenye chumba ambacho halmashauri ilikijaza viti vibovu.

Barua tatu ziliishia kapuni. Ya nne ikajibiwa kwamba ombi la wananchi huingia kwenye ajenda likiwa na saini thelathini, kila moja itiwe mbele ya karani na kugongwa muhuri kabla ya inayofuata. Ofisi ya karani ilikuwa juu. Fundi viatu alilisoma jibu hilo akacheka mpaka gongo likamponyoka. Akasema kanuni inataka mbele ya karani, haijataja ghorofa.

Alhamisi asubuhi wakajipanga chini ya ngazi, kimya, nguo zimepigwa pasi, wakamtumia karani salamu kwamba wamekuja kutia saini.

Karani alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na mbele ya kanuni hakuwa na ujanja. Muhuri ulifungwa mnyororo mezani kwake tangu ule wa zamani ulipoibwa. Kwa hiyo akashuka, akashuhudia saini ya fundi cherehani, akapanda kugonga muhuri, akashuka kwa wa pili. Akapanda tena. Mwanzoni aliwakata jicho. Mara ya tano akaomba maji, mama wa mapacha akampa. Mara ya nane fundi cherehani alimwonea huruma ya kweli, akamnong'oneza fundi viatu kwamba labda inatosha. Fundi viatu akamuuliza ni nani aliyemwonea yeye huruma siku ile. Hata hivyo fundi viatu alimwambia karani apumzike kidogo, wao wana siku nzima.

Mara ya kumi na moja karani hakufika juu. Alikaa katikati ya ngazi, fomu mapajani, anahema. Mwenyekiti wa halmashauri, akishuka kwenda kunywa chai, akamkuta hapo na kumuuliza kulikoni.

"Mwenyekiti, nimepanda mara kumi, nimeshindwa," karani alisema. "Na huyu dada tulimwandika hayupo. Mimi nilimsikia akiitika huku chini. Nilimsikia, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Miezi yote hiyo fundi cherehani alijipa moyo kwamba hawakusikia. Alitamani kumtukana, alitamani kulia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama tu, na karani hakuyakwepesha macho.

Mwenyekiti aliagiza mnyororo ufunguliwe na meza ishushwe. Kufikia saa sita mchana saini zilikuwa zimetimia. Kesho yake madiwani wakapiga kura, saba kwa sita. Yule aliyewapa jina la Kero alipinga, akasema chumba kile kina joto.

Ni kweli kilikuwa na joto. Mwezi uliofuata meza zilizobaki ziligawiwa humo, viti vibovu vimesukumwa pembeni, fundi viatu tayari anawaeleza watu habari za choo cha soko. Meza nzuri zilishachukuliwa. Iliyomngoja fundi cherehani ilikuwa ya nyuma, karibu na bomba. Karani akafungua daftari, akaita namba saba.

Alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuhitaji kupaza sauti.

"Nipo."

Karani akaandika, kisha akamgeuzia daftari ajisomee mwenyewe.