Kidole Kilichokufa Ganzi

Tangu mkasi umkate mshipa wa fahamu wa kidole cha shahada, fundi cherehani alibaki na kidole cha pambo tu. Miezi minne, ganzi tupu. Daktari alimwambia avute subira: protini za kinga hutia alama vipande vya mshipa vilivyokufa, seli nyingine huja kuvifagia, ndipo mshipa uchipue upya, mwendo wa kinyonga.

"Kufagia gani huko kusikoisha?" fundi alifoka. "Mwilini mwangu wafagiaji wamegoma!"

Mumewe, aliyekuwa akimshonea vifungo tangu siku ile ya mkasi, alitunga uzi mwingine sindanoni. Alishazoea.

Asubuhi moja, haraka ya kumaliza sare za shule ilimsahaulisha fundi. Alilamba kidole kilekile, akagusa pasi kupima moto, kama alivyofanya miaka ishirini.

"Mama yangu wee!"

Mume alitupa vifungo, akaja mbio na bakuli la maji baridi. Alimkuta mkewe kanyanyua kidole juu, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Kitie majini, mke wangu!"

"Weka maji yako chini, baba watoto. Acha kwanza kiniume nishibe."