Paja la Radhamés

Radhamés Tavárez alipoanguka karibu na kituo cha kwanza, watu wote kwenye uwanja wetu wa besiboli mjini Baní walisimama. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia na mfuko wa barafu kabla mwamuzi hajasimamisha mchezo. Kazi yangu ni tiba ya viungo. Wachezaji wa timu yetu, Kaa, huniita Dokta ingawa sina udaktari wowote. Radhamés peke yake, mrushaji wetu mkuu, huniita Dada Yocasta.

"Umekatika?" akauliza, uso wake umo kwenye nyasi.

Nikabonyeza nyuma ya paja lake la kulia, juu mpaka chini. Msuli ukikatika huacha bonde, kidole kinazama. Sikuliona bonde.

"Umevutika tu. Haujakatika."

"Basi mtoano nitacheza."

"Simama kwanza ndipo tuongee."

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu kabla ya mtoano, na jioni ile tulishajua tutakutana na nani: Jogoo wa Moca, wanaofundishwa na Fausto Brea. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hata nimfunge kwa kamba kitandani, atakwenda Moca na kitanda.

Radhamés ni mtoto wa Moca. Miaka ya nyuma alikuwa akiwarushia hao hao Jogoo, na kuna timu kubwa ya Marekani ilikuwa imeshamkubali, imebaki kusaini. Msuli wa paja hilo hilo ukavutika kwenye fainali. Brea akamdunga sindano ya kuua maumivu, akamrudisha kwenye kichuguu cha kurushia. Alirusha mara chache tu, msuli ukakatika. Wamarekani wakaondoka. Brea, ili lawama zisimfikie, akasema redioni kwamba kijana hana paja bovu, ana roho mbovu, ameigiza kuumia kwa sababu aliogopa. Mji ukamwamini. Mama yake, Mama Zunilda, alikuwa na meza ya sambusa sokoni; vijana wakawa wanapita mbele yake wakienda chopi na kuimba, "Kiguru! Kiguru!" Alivumilia, halafu siku moja akamwona Brea mwenyewe anapita, anachechemea, anacheka na wenzake. Akafunga meza, akahamia Baní.

Sasa utaelewa kwa nini kilichomnyima mtu huyu usingizi hakikuwa kikombe cha ubingwa, alikuwa Brea.

Tulianza na barafu na kupumzika. Kisha nikamweka chali, miguu imekunjwa, anainua kiuno polepole na kukishusha, mpaka jasho linamtoka. Asubuhi nilimpeleka baharini atembee maji yakiwa kiunoni. Mkono usilale, alirusha mpira akiwa amekaa kwenye kiti, na mdakaji wetu Wilkin akimtania, "Babu, uletewe na blanketi?"

"Wewe daka, maneno waachie kasuku."

Kila alipochoka nilimsikia anataja jina la Brea chinichini, kama mtu anayehesabu. Nikamwambia chuki haiponyeshi msuli.

"Haiponyeshi, dada. Lakini inaniinua kiuno."

Mtoano ulipokaribia, aliweza kurusha kwa nguvu zake zote. Kusukuma ardhi kwa mguu ule hakukumuuma tena. Kilichobaki ni kukimbia. Kila alipochomoka ghafla, msuli ulijikunja na uso wake ukabadilika. Nikamweleza kocha wetu, Don Chago, mbele yake: kurusha anaweza, kukimbia asikimbie. Nikiinua mkono, anatoka, hakuna mjadala.

"Brea akilijua hilo tumekwisha," alisema Don Chago. "Atawaambia wapigaji wake wasipige. Wauguse tu mpira kwa gongo, ufie hapo mbele, Radha aukimbilie. Mguso mmoja, mguso wa pili, paja linapasuka."

"Atafanya hivyo," alisema Radhamés. Akatabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda. "Si kwa kutaka kushinda tu. Atataka nianguke tena pale pale, watu wake waone. Basi mwacheni ajue. Mpira wa kuguswa si lazima niufuate mimi. Kaka Deivi asogee mbele kutoka kituo cha tatu, wa kituo cha kwanza naye asogee. Wauokote wao."

Don Chago alikuna kidevu. "Yaani tumpe chambo."

"Tumpe anachokipenda."

Kuanzia siku hiyo Radhamés alitoka kunywa kahawa mahali pa wazi, bustanini mbele ya kanisa, akienda chopi. Mtangazaji mmoja wa redio ya Moca akanifuata na kinasa sauti chake. "Dokta, mguu wa Tavárez ni mzima?"

"Si mzima," nikajibu. Na ulikuwa ukweli mtupu. Mchana wake Moca nzima ilikuwa ikisherehekea.

Tulipambana nao hadi mechi ya mwisho, ya kuamua nani aende fainali, na ilichezwa kwao. Don Chago alikuwa amemweka Radhamés kwa ajili ya hiyo. Tulipoingia uwanjani, watu walichechemea majukwaani, wazee kwa watoto, huku wakiimba wimbo ule ule wa zamani. Nikamtazama Radhamés. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri ndizi zake zichemke.

Mpigaji wao wa kwanza akaugusa mpira. Radhamés hakusogea hata hatua. Deivi alikuwa ameshafika. Akauokota, akarusha kituo cha kwanza, jamaa akatolewa njiani. Wa pili akagusa, mpira ukapaa kidogo, Wilkin akaudaka hewani. Wa tatu hivyo hivyo. Radhamés akateremka kichuguuni huku anachechemea, na kofia ameishusha ili wasimwone anavyocheka.

Kocha mwenye akili angebadilisha mara moja. Brea hakubadilisha. Alisimama ukingoni mwa benchi lake, shingo imemtoka, anasubiri kumwona Radhamés chini. Zamu baada ya zamu aliwaamuru waguse, na kila mguso ulikuwa zawadi kwetu. Sisi tulipata mkimbio mmoja, yaani pointi moja, kwa Wilkin, tukaukumbatia.

Kisha akaja Ysidro, mpigaji wao hatari kuliko wote, jitu linalopiga mipira hadi nje ya uwanja. Brea akampa ishara ya kugusa. Ysidro akatikisa kichwa. Brea akarudia, kwa mikono miwili.

Wilkin, aliyechuchumaa nyuma yake, akamwambia, "Pole, mkubwa. Mikono yote hiyo, unapewa kazi ya kufagia."

"Nyamaza wewe."

Akagusa, akatolewa, akalivunja gongo gotini. Akapita mbele ya kocha wake bila kumtazama. Nikasikia jukwaani mzee mmoja anapaza sauti, "Brea! Unataka ushindi au unataka mguu wa mtu?" Kuzomea kukaanza juu, kukateremka mpaka chini, na safari hii hakukumlenga Radhamés.

Zamu ya nane wakapata watu wawili vituoni, mmoja tayari ametolewa. Brea akaamuru mguso tena. Mpira huu ukafia pabaya, katikati, mbali na Deivi na mbali na Wilkin. Nilimwona Radhamés anachomoka, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amejikunja chini, mpira mkononi bila glavu, anarusha. Mkimbiaji akatolewa.

Akanyooka. Akajishika paja haraka, akauachia mkono kama hajagusa kitu.

Nikainua mkono.

Nilipofika kichuguuni na Don Chago, alinifokea kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Amebaki mmoja zamu iishe, Yocasta! Niache nimmalize mbele yake!"

Nikabonyeza paja. Lilikuwa gumu kama ubao. "Ukirusha mara moja zaidi, linakatika, na Brea atapata alichokuja kukiona. Utampa?"

Alihema, macho mekundu. Akamkabidhi Don Chago mpira.

Benchi letu lilikuwa upande wa kushoto. Yeye akaenda kulia. Alitembea polepole, wima, bila kuchechemea hata kidogo, na mimi peke yangu nilijua kila hatua ilimgharimu nini. Akasimama mbele ya Fausto Brea.

"Mama anakusalimu," akasema.

Brea akatazama viatu vyake.

Mrushaji aliyeingia alimaliza kazi, tukashinda kwa ule mkimbio mmoja. Ysidro aliwaeleza waandishi, tena kwa jina, nani aliyemlazimisha kufagia. Kabla hatujaondoka Brea alikuja mpaka mlango wa basi, amenyoosha mkono. "Mchezo ni mchezo, mwanangu. Yaliyopita yamepita."

Radhamés alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kulimenya mpaka mkono ule ukashuka wenyewe. Asubuhi Jogoo walimfukuza.

Paja lilihitaji wiki nyingi kupona, na fainali tulicheza bila mrushaji wetu mkuu. Tulifungwa vibaya. Mashabiki wa Baní walilia, na wapo waliosema Radhamés aliuza ubingwa kwa kisasi chake. Don Chago alimuuliza hilo hilo, kwa upole, mbele yangu, nikiwa nambadilishia barafu.

"Kocha," akajibu, "ningeambiwa nichague tena, ningechagua Moca."

Don Chago alinitazama ili nimkanye. Nilifunga barafu, nikakaza kitambaa.